Kabla ya kubadilisha pampu, nionyesheni namba

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na mafundi wa magari, pamoja na wenzangu tunaonunua magari yaliyokwisha kutumika. Mimi ni mfanyabiashara wa nyanya na vitunguu hapa Ilula, mkoani Iringa. Mwaka jana nilinunua gari la mkononi, namba D, lenye buti refu na injini ya cc 1500. Mara mbili kwa wiki nashuka nalo Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, kisha napanda mlima Kitonga nikiwa na magunia matatu nyuma.

Tangu nilinunue, gari lile lilikuwa zito kuitika ukikanyaga mafuta. Halikuwa linazima wala halikuwa na misi, yaani injini kukatakata. Ukikanyaga, linanyamaza kwanza. Unahesabu moja, mbili, ndipo linaamka, na hata likiamka nguvu haifiki pale unapoitaka. Nilivumilia mpaka asubuhi moja pale Ipogolo. Niliingia barabara kuu, binti yangu akiwa kiti cha pembeni na lori likiwa bado mbali. Nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, gari likawa linatambaa. Lori likapiga honi bila kuacha, nikamwona mwanangu ameshika dashibodi kwa mikono miwili, amefumba macho. Dereva wa lori alihamia upande wa pili akatupita. Mungu ambariki popote alipo. Siku hiyo hiyo nililipeleka gari gereji.

Gereji hiyo sitaitaja. Walichomeka mashine ya kupimia injini wakasema haioni kosa, taa ya injini haiwaki, gari ni zima. Pamoja na kusema ni zima, wakaanza kubadilisha vitu. Plagi nne, shilingi 80,000, hakuna kilichobadilika. Pampu ya mafuta, tena ya mtumba, 150,000, gari ni lile lile. Ufundi 40,000. Mwishowe nikaambiwa, "Mama, huku Iringa ni juu, hewa nyepesi, magari yote ndivyo yalivyo."

Ni kweli, injini isiyo na tabo, ile pangaboi ya kusukumia hewa ndani, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Iringa mjini ni zaidi ya mita 1,500. Lakini gari langu lilikuwa zito vilevile kule chini Ruaha Mbuyuni, kwenye joto na mibuyu. Na jirani yangu mwenye gari kama langu alikuwa ananipita Kitonga akiwa na mzigo kunizidi. Mwingine alinishauri ninunue kidude cha kufunga kwenye pedeli ili gari "liwe jepesi". Kidude kile kinakuza ishara ya pedeli tu: ukikanyaga kidogo, injini inaambiwa umekanyaga sana. Ugonjwa hakiugusi. Nashukuru sikukinunua.

Aliyenisaidia ni kijana mmoja fundi umeme wa magari, mjini. Kabla ya kufungua boneti alipanda gari tukazunguka naye, akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, ukikanyaga, mshale wa mzunguko wa injini unapanda halafu gari haliendi, au mshale wenyewe ndio unachelewa?" Tukautazama. Mshale wenyewe ulichelewa. Akasema basi giaboksi tuiache, tufuate njia ya pedeli na hewa.

Akanieleza. Magari ya zamani yalikuwa na waya wa chuma toka kwenye pedeli hadi kwenye injini. Ukikanyaga, waya unavuta, kilango cha hewa kinafunguka. Haya yetu hayana waya huo. Pedeli ina sensa mbili, yaani vipimio, zinazopeleka volti kwenye kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Kontroli boksi inaamuru mota ndogo iliyo kwenye throto bodi, pale penye kilango cha hewa, mota inafungua kilango, na sensa nyingine mbili zinarudisha taarifa kwamba kimefunguka kiasi gani. Zimewekwa mbili mbili ili moja ikikosea nyingine iisute. Zikipishana, taa ya injini inawaka, na unaweza kubaki na mwendo wa kujikokota tu. Sensa zangu hazikuwa zimepishana. Zilikuwa zinasema ukweli mtupu kuhusu pedeli ambayo haifiki chini, ndiyo maana taa haikuwaka.

Mashine yake haikuwa ya ajabu kuliko ya wale wa kwanza. Ila hakuishia kwenye ukurasa wa makosa, alifungua ule unaoonyesha namba zikitembea injini ikiwa kazini. "Njoo uangalie mwenyewe, Mama." Nilizinakili nyuma ya daftari langu la mauzo. Mguu ukiwa juu, volti 0.8 na 1.6. Pedeli ikikanyagwa mpaka mwisho, 2.3 na 3.1. Alinyamaza, akachukua tochi akainama chini ya usukani. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ametandika kapeti nene juu ya kapeti la gari, na juu yake tena mpira mzito wa kukanyagia. Pedeli ilikuwa inagota kwenye mpira kabla ya kumaliza safari yake. Akavitoa vyote. Nikakanyaga tena: 3.6 na 4.4.

Nilikaa pale na kalamu mkononi, nawaza zile 270,000.

Kule kuchelewa nako kulikuwa na chanzo chake. Kwenye mashine tuliona kontroli boksi inaamuru kilango kifunguke, kilango kinabaki palepale, kisha kinaruka ghafla. Alipolegeza mpira wa hewa nikaona kwa macho yangu: ukingo wote wa kilango umezungukwa na masizi yenye mafuta, meusi kama lami. Alizima gari, akatoa tamino ya betri, akasafisha kwa dawa, brashi laini na kitambaa. Hakukisukuma kile kilango kwa bisibisi, maana ndani mna meno ya plastiki, na switchi ikiwa imewashwa kinaweza kujifunga kwenye kidole.

Tulipowasha, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikapanda hadi 1,500 kwa dakika. Niliogopa, nikadhani ameniharibia gari. Akasema kontroli boksi ilishazoea uchafu, hivyo inafungua kilango kuliko inavyohitajika sasa. Akaifuta kumbukumbu ile kwa mashine, tukaliacha gari lingurume bila kuguswa, sailensa ikashuka taratibu mpaka 700. Kazi yote, pamoja na dawa, 35,000.

Ninachoomba ni hiki. Fundi, usiponionyesha namba, usinibadilishie kitu. Ziandike kwenye risiti: volti za pedeli, kilango kilivyoamriwa na kilivyofunguka, kabla na baada ya kazi. Mteja mwenzangu, ukiambiwa "mashine haioni kosa", uliza kama wamesoma namba zinazotembea au wametazama makosa tu. Na kabla hujatoka nyumbani, inama uangalie chini ya pedeli yako, haina gharama yoyote. Nawe Mhariri, ungetutengea hata safu moja kwa mwezi fundi mwenye ujuzi akatufundisha mambo haya, wengi tungekushukuru. Barabara yetu ina malori mchana na usiku, na gari linalochelewa kuitika njia panda linaweza kuua.

Kwa wale wa gereji ya kwanza, nadhani mtajitambua mkisoma hapa. Pampu yangu ya zamani mlibaki nayo. Haikuwa mbovu. Naomba mnirudishie, Jumamosi nitapita kuichukua.

Mfanyabiashara wa nyanya,
Ilula, Iringa