Ile picha ya Beit el Ajaib

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sie wazima, alhamdulillahi, mvua za vuli zishaanza. Nimekaa kimya tangu Idi Kubwa, na wewe hukunisuta, Mungu akulipe. Nakuandikia kwa haja moja: ile picha tuliyopigwa mlangoni pa Beit el Ajaib, ile Nyumba ya Maajabu yetu ya Unguja, siku ya ziara ya skuli. Unayo bado?

Jana baada ya alasiri nilimpeleka Nassir Forodhani. Tulikaa ukutani anatazama vijana wanavyochupa baharini, mara akageuka akayaona mabati waliyoizungushia Beit el Ajaib. "Mama, ajabu yenyewe iko wapi?" Rukia, nilikosa pa kuanzia. Ile Ijumaa ya Disemba 25, 2020 ilipoanguka, yeye alikuwa bado ananyonya.

Nikamsimulia yale aliyotusomesha Maalim. Kwamba Sultani wetu Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883, si ya kulala, ni ya sherehe na wageni. Kwamba baadaye ikawashwa taa za umeme na kutiwa lifti, watu wakawa wanasimama nje kushangaa. Nikamwonesha Ngome Kongwe hapo ubavuni, waliyoijenga Waarabu wa Omani baada ya kumtoa Mreno, pale pale lilipokuwa kanisa lake. Nilipomwambia kuwa gari la moshi la Bububu lilikuwa likianzia hapo ngomeni, mengine yote akayasahau, akataka kujua reli imekwenda wapi.

Nikamrudisha kwenye Agosti 27, 1896. Manowari za Waingereza zilisimama mbele ya hapo tulipokaa, zikapiga mizinga kwa muda usiotimia saa nzima, mpaka Seyyid Khalid, aliyekikalia kiti cha usultani bila ridhaa yao, akatoka. Beit el Hukm, jumba la kando yake, haikuinuka tena. Mnara wa taa uliokuwa mbele ukaharibika. Lakini Beit el Ajaib ilibaki imesimama, ndipo baadaye ikapewa mnara wa saa ule tuliokuwa tukiutazama tukichelewa kurudi nyumbani. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mizinga haikuiangusha! Mwaka 2012 kipande cha roshani kilipoanguka tulikiona sote, tukasikitika, tukaenda zetu kula urojo. Fedha za kuitengeneza zilipokuja kutoka huko Omani mliko, nyumba imekwishachoka, ikawaangukia watu kazini. Wawili walikufa, Mungu awarehemu. Mimi mwaka mzima nilikuwa nikizunguka kwa nyuma nisiione.

Sasa sikiliza. Nassir akaniuliza, "Mlango wake ulikuwaje?" Nikasema mkubwa, umechongwa, una aya za Qur'ani kwa rangi ya dhahabu. Akasema, "Mkubwa kama wa nani?" Nikanyamaza. Ule mtepe, chombo cha baharini cha zamani, uliokuwa ndani naukumbuka vizuri, mbao zimeshonwa kwa kamba bila hata msumari mmoja, na mkono wa Maalim unafuata mshono. Nguzo za chuma nazikumbuka kwa ubaridi wake shavuni. Mlango ndio unanitoka. Kila nikifumba macho nakuona wewe tu, ushungi umekuteleza, kidole chako juu ya herufi na mlinzi anakukataza. Kama picha ile ipo, mlango upo nyuma yako wote, na sie wanne tumesimama mbele yake, Nassir ataupima kwa urefu wetu.

Basi nakuomba, usiipige kwa simu juu ya kioo cha fremu, itang'aa katikati. Itoe, uipeleke dukani waiskani, nyuma na mbele, maana nyuma Kibibi aliandika majina. Nami nitamtengenezea Nassir kubwa aitundike kitandani kwake. Wakimaliza kuijenga upya nataka awe anajua ya zamani ilikuwa vipi, asije akaambiwa chochote akakubali.

Mama goti lake limepoa? Ikama ya Salim, kile kibali cha kukaa huko, imetoka, au bado mnazungushwa? Huko Muscat wazee wetu wakikutana, Beit el Ajaib huwa wanaitaja? Watoto wako wanajua kwamba mama yao aligusa ule mlango? Na hii Idi mnakuja kweli, au nitandike vitanda bure tena kama mwaka jana? Picha unayo, Rukia?

Wako,
Maryam