Sindano ya kinga: wajawazito wasiwe wa mwisho kujibiwa

Mhariri,

Kina mama wa Malindi wakisikia habari za sindano ya kukinga virusi vya Ukimwi, swali lao la kwanza ni moja: "Haitanifunga kizazi?" Nimelisikia Maweni na Ganda. Majuzi nililisikia kwenye kliniki moja ya hapa mjini. Binti aliyeolewa karibuni alipewa karatasi ya Kiingereza, akaikunja na kuitia mkobani. Muuguzi alikuwa na foleni hadi nje ya mlango. "Utauliza siku nyingine, dada," akamwambia. Binti hajarudi tena.

Anastahili kujibiwa. Dawa hiyo, kabotegraviri, husagwa ikawa chembe za nanomita zipatazo 200, ilhali unywele wa binadamu una unene wa kama nanomita 80,000. Chembe hizo hukaa kwenye msuli wa tako zikiyeyuka polepole, ndipo mtu akadungwa kila miezi 2 badala ya kumeza kidonge kila siku. Kwa mke anayemficha mumewe vidonge, hiyo ni nafuu kubwa. Lakini sindano ikishaingia haitoki. Mabaki yake yanaweza kukaa mwilini mwaka mzima na zaidi, kwa hivyo anayeiacha ili azae huenda akashika mimba dawa ikiwa bado imo.

Jaribio kubwa la wanawake zaidi ya 3,200 katika nchi 7 za Afrika, Kenya ikiwemo, lilionyesha kuwa sindano inakinga vizuri kuliko vidonge. Ila sharti la kushiriki lilikuwa kutumia njia ya uhakika ya kupanga uzazi. Baadaye sharti hilo liliondolewa, na waliopata mimba wakaruhusiwa kuendelea na sindano. Taarifa zilizotoka kuhusu mimba hizo zinatia moyo, nami nashukuru. Mbona basi binti yule hakuelezwa hata hilo?

Tumeshaona madhara ya kuchelewa kuchunguza dawa kwa wajawazito. Mwaka 2018, Botswana iliripoti watoto 4 wenye kasoro ya uti wa mgongo au ubongo kati ya 426 ambao mama zao walishika mimba wakiwa kwenye dolutegraviri, dawa ya kutibu virusi vya Ukimwi. Hapa Kenya wanawake wa umri wa kuzaa wakazuiliwa dawa hiyo, wanaume wakaendelea kuitumia. Watoto wengi zaidi walipohesabiwa, hofu ikapungua, na Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote. Uchunguzi wa usalama wa dawa hiyo kwa wajawazito ungefanywa mapema, wanawake hawangewekwa kando hivyo.

Wala tusidanganywe kwamba chembe ndogo zote ni sawa. Mwaka 2011 watafiti wa Japani waliwadunga panya wenye mimba chembe za silika (madini yaliyomo mchangani) za nanomita 70, zikapenya kondo la nyuma na kudhuru vijusi. Chembe kubwa zaidi hazikufanya hivyo. Silika si kabotegraviri, wala panya si mtu. Lakini kila dawa mpya ya aina hii, ya sindano au ya kuweka ukeni, ipimwe peke yake kwa mimba na kwa maziwa ya mama.

Naiomba Idara ya Afya ya Kaunti ya Kilifi itoe maelezo ya Kiswahili kabla ya sindano: dawa hukaa muda gani, ukishika mimba umwone nani, na ukiacha ujikinge na nini. Kliniki za wajawazito nazo zimwandikishe kila mama aliyewahi kudungwa na kumfuatilia mtoto wake hadi atembee.

Mhudumu wa afya ya jamii,
Malindi