Mwanangu, kabla hujaondoka na baiskeli

Mwanangu,

Mama yako kanisomea meseji yako, kwamba Desemba mnatoka Dar mpaka Iringa kwa baiskeli, na mmejipanga kila kitu, maji, tenti, chakula, hamtaki kumsumbua mtu njiani. Safari nimeifurahia sana, ila hilo la kutosumbua mtu limenikaa rohoni siku ya pili leo, ndo maana nakuandikia.

Ile safari yangu ya 1996 sijawahi kukuhadithia vizuri. Nlikuwa na miaka 22, nauli sina, nina baiskeli ya Phoenix ya marehemu babu yako tu, nikatoka Iringa alfajiri naenda Dar kutafuta kazi, kama kilomita 500 hivi. Ilula nikapita freshi, wauza nyanya wananipungia mikono. Sasa Kitonga, ule mlima wa kona kali. Wewe utaipanda unasukuma, mimi nliteremka, na zile breki za fito zina vipande vidogo vya raba, kona ya tatu nikasikia harufu ya kuungua, ya nne chuma kinasaga rimu, nikashusha mguu kandambili ikakatika, nikajibwaga upande wa mlima. Upande wa korongo nisingekuwepo leo, Mungu mkubwa.

Nikaikokota mpaka Ruaha Mbuyuni, joto la kule si la kawaida, goti linachuruzika damu. Kuna mama alikuwa anapanga vitunguu kwenye ndoo kando ya barabara. Hakuniuliza jina wala natoka wapi, akasema we mtoto kaa kivulini hapo, akaleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi akanisafisha goti taratibu, akamwita mumewe. Yule mzee akatafuta kipande cha tairi kuukuu la gari akaanza kukikata kwa kisu, anapima kwenye breki, anapunguza, anapuliza vumbi, anapima tena, yaani karibu saa nzima, mpaka raba zote zikakaa kama za dukani. Tukala ugali na samaki wa mtoni, nikalala kwao. Asubuhi nikampa mama shilingi 200, akaikunja akairudisha mfukoni mwangu mwenyewe, akasema Morogoro utakula nini.

Mikumi alinivusha utingo wa lori, maana barabara inakatiza mbugani karibu kilomita 50, kuna tembo, nyati, simba, akasema we kijana hupiti na hiyo baiskeli, akaipandisha juu ya magunia. Hakutaka hata mia.

Kwa hiyo tenti bebeni, sawa, ila ukikaribishwa kula, kula mwanangu, usiseme tumeshiba. Ukimkuta mtu mzima shuka kwanza kwenye baiskeli ndo umwamkie. Mimi 2009 nilirudi kuwatafuta wale wazee nikaambiwa walishahama, hakuna anayejua wako wapi, na hiyo inaniuma mpaka leo.

Nimekutumia hela kidogo kwenye simu, hiyo sio ya kwenu. Ukifika Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu kwa mama yeyote mtu mzima, bei atakayotaja mpe hiyo hiyo. Baiskeli niliiuza ila zile raba za breki nilizing'oa, ziko stoo kwenye kopo la misumari. Ukifika nyumbani nataka uzishike.

Baba yako