Njoo Juni, Zuhura

Kazan, Februari

Mpendwa Zuhura,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, baridi tu ndiyo inatuchapa. Ujumbe wako umenifurahisha mno. Unaniuliza ukate tiketi ya mwezi gani kuja huku Urusi.

Januari usije. Kuanzia tarehe 1 hadi 8 nchi nzima iko likizoni: Mwaka Mpya, kisha tarehe 7 Krismasi ya Waorthodoksi, maana kanisa lao linafuata kalenda ya zamani. Miji inapendeza kwa mataa, lakini benki na ofisi nyingi zimefungwa na mgeni mwenye shida anahangaika. Mei nayo ina Mei Mosi na tarehe 9, Siku ya Ushindi dhidi ya Ujerumani mwaka 1945, na Moscow barabara za katikati hufungwa kwa gwaride.

Ungekuwa unaivumilia baridi, ningekwambia uje Maslenitsa, wiki ya mwisho kabla ya Kwaresima yao. Kila kona wanapika bliny, nyembamba kama chapati za maji, na Jumapili wanachoma sanamu ya majani makavu kuaga kipupwe. Tarehe yake huhama kila mwaka kufuata Pasaka.

Lakini mimi nakutaka Juni, uione Sabantuy. Ni sikukuu ya Watatari ya kushangilia kumaliza kupanda mashamba, na hapa ndipo kwao hasa. Kuna mbio za farasi, kuna vijana wanaokwea mlingoti mrefu kufuata zawadi. Mimi huganda kwenye mieleka ya koresh. Wanaume wawili wanakabiliana, kila mmoja amemzungushia mwenzake taulo kiunoni na kulikaza mikononi. Kushika mguu marufuku. Wanazunguka polepole, unasikia pumzi zao, mara mmoja kanyanyuliwa, miguu hewani, chali! Bingwa hupewa kondoo dume, akambeba mabegani huku uwanja mzima ukimshangilia. Baada ya hapo ni chai na chak-chak, vipande vya unga vilivyokaangwa na kushikizwa kwa asali. Utavipenda, nakujua.

Ijumaa tutaswali msikiti wa Kul Sharif, ndani ya Kremlin, ngome ya kale ya Kazan. Wengi kwetu hawajui kwamba huku Tatarstan, jimbo la Watatari ambalo Kazan ndio mji wake mkuu, Idd zote mbili ni sikukuu za serikali. Nilipofika nilifarijika sana kwa hilo.

Halafu twende Saint Petersburg. Mwezi huo giza kamili halifiki kabisa, watu wanatembea saa sita za usiku utadhani magharibi ndiyo inaingia. Mwishoni mwa Juni meli yenye matanga mekundu hupita Mto Neva kuwapongeza wanaomaliza shule. Tukienda kutazama tuwe upande wa hoteli yetu, kwani madaraja hufunguliwa usiku kupisha meli, na ukibaki ng'ambo utakesha huko.

Njoo na fedha taslimu. Kadi za Visa na Mastercard za benki za nyumbani hazifanyi kazi huku tangu 2022.

Hoteli za Saint Petersburg hujaa mapema sana mwezi huo, kwa hiyo zungumza na mumeo unijibu wiki hii. Wasalimie wote, na mama umbusu mkono kwa niaba yangu.

Akupendaye,
Rukia