Heri ya Krismasi na mwaka mpya, na kile kichwa cha Sawa

Jamani ndugu jamaa na marafiki, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya kwa wote, mliobaki mjini, mliofika kijijini na nyie mlionasa stendi maana nauli za msimu huu mnazijua wenyewe.

Mi kila ikifika hii wiki ya katikati, Krismasi imeshapita, mwaka mpya bado na watu tunakula kiporo cha pilau, lazima nimkumbuke Homare Sawa. Ndo nani huyo? Dada wa Kijapani, kiungo, jezi namba 10, kaanza kuchezea taifa 1993 ana miaka 15 tu, afu akaenda Kombe la Dunia mara 6, sita jamani, 1995 mpaka 2015. Mechi 205 mabao 83 na wala siyo straika.

Mwaka wake ni 2011. Mwezi wa tatu Japan ikapigwa na tetemeko na tsunami, maelfu wakafa, nchi ina msiba, mwezi wa saba wadada wakaenda Ujerumani na huzuni yao wakafika hadi fainali pale Frankfurt, na Marekani ambao Japan ilikuwa haijawahi kuwafunga hata siku moja. Wako nyuma 2-1, dakika za nyongeza zinayoyoma, dakika ya 117 Aya Miyama anachonga kona, Sawa huyo mlingoti wa karibu, anaugusa kwa nje ya mguu, kambani! Penalti wakashinda 3-1. Akabeba kombe, ufungaji bora kwa mabao 5 na uchezaji bora wa mashindano, afu Januari akaenda Zurich na kimono yake kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa dunia, usiku uleule Messi anachukua ya wanaume. Kwao serikali ikaipa timu nzima tuzo ya heshima ya taifa. Unaambiwa hata asiyejua offside alikuwa anamjua Sawa.

Ila mi kinachonigusa zaidi ni mwisho wake. Julai 2015 fainali tena, Wamarekani wakawapiga 5-2, yeye kaingia kutokea benchi. Ningekuwa mimi ningetundika daluga palepale uwanjani na simu nazima. Yeye akarudi zake klabuni INAC Kobe, katikati ya Desemba ndo akatangaza anastaafu, na tarehe 27 Desemba, siku mbili baada ya Krismasi, fainali ya kombe lenye jina la malkia wao, 0-0 na Albirex Niigata, dakika ya 78 kona ikaja, bibie wa miaka 37 akaruka, kichwa, 1-0, kombe, kwaheri. Huwezi kuipanga hiyo.

Mi mwaka huu mwezi wa saba nami nilishakata tamaa na jambo langu moja, nashukuru Mungu sikulitangaza maana Desemba hii limenyooka, hata sielewi lilinyookaje.

Basi mbarikiwe wote, mwenye pilau la ziada asinisahau, na tarehe 27 jioni karibuni kwangu tuiangalie tena ile kona, soda mje nazo.