Ile ngoma ya sherehe mliyoiita kelele ina wakinamama watano ndani yake

Ndugu Mhariri,

Salaam kutoka Nkuhungu, Dodoma. Mimi nakodisha muziki, yaani spika, miksa, amplifaya na jenereta, harusi, sendofu, kipaimara, mpaka misiba wakihitaji spika za ibada, kazi hii nina mwaka wa kumi na tatu sasa na gazeti lenu nalisoma ukumbini nikisubiri wazee wamalize hotuba. Sijawahi kuwaandikia hata siku moja. Ila Jumamosi iliyopita ukurasa wenu wa burudani mmeigusa ile ngoma ya sherehe ya madogo wa huku kwetu, mkasema ni kelele, mkasema hip hop isiyo na ujumbe sio hip hop, alafu mwishoni mkaandika kwamba imetengenezwa na vijana wawili na kompyuta yao. Hilo la mwisho ndo limenifanya niandike, manake ile ngoma imetengenezwa kwangu, kwenye stoo ninayoweka spika, na mimi nilikuwepo toka siku ya kwanza. Jina la wimbo siliandiki msije mkaona natafuta matangazo, wa Dodoma wanaijua.

Wale madogo mmoja anachana, yaani anarap, na anaendesha bodaboda, mwingine ndo prodyuza, alianza kwa kutengeneza simu Majengo akanunua kompyuta ya mkononi ya mtumba. Walikuja kwangu mwaka jana na biti waliyoishusha mtandaoni wakaniomba niwasikilizishe kwenye spika kubwa. Nikawawekea. Kwenye spika za masikioni ilikuwa tamu kweli, lakini kwenye zile zangu za inchi 18 besi ikawa uji, haijulikani inaanzia wapi inaishia wapi, na wimbo wenyewe ulianza na maneno ya kuongea karibu nusu dakika, sijui salamu kwa nani na nani. Nikawaambia ukweli, hii nikiiweka sendofu saa nne usiku watu wanarudi kwenye viti. Kitu ambacho watu wanaoandika kuhusu muziki hawakijui ni kwamba wimbo wa sherehe unapimwa na dijei kabla haujapimwa na mtu yeyote, mwanzo unatakiwa uwe na ngoma tupu kidogo ili uingie juu ya wimbo uliopita bila watu kusimama, mistari isiwe mirefu manake mtu anayecheza hawezi kufuata vina kumi na sita bila kupumzika, na kiitikio lazima mtu akisikie mara moja tu aweze kukijibu, akisubiri mara ya pili ameshaenda kufata soda.

Wakaondoka wamenuna. Wiki mbili baadaye yule prodyuza akarudi anasema bibi yake yuko Chamwino na kule kuna wakinamama wanapiga muheme, vipi tukichukua ile ngoma badala ya hii ya kushusha. Tukaenda wote watatu kwa pikipiki mbili, na maiki moja, na kompyuta imefungwa kwenye kitenge isipate vumbi.

Kwa ambao hamjawahi kuona, muheme inapigwa na wanawake, ngoma ile nyembamba katikati inabanwa kwenye mapaja na inapigwa kwa mikono, wanaimba hukohuko wakipiga na mabega yanaenda. Tulijaribu kurekodi nje chini ya mti upepo wa Dodoma ukatuharibia kila kitu, maiki inasikika kama gari linapita. Bibi akasema ingieni ndani. Ndani ni tembe, ile nyumba ya Kigogo ya udongo yenye paa bapa la udongo, na hapo ndo nilijifunza kitu katika uzee wangu wa kazi hii, manake udongo ule unameza mwangwi wote, hamna bati la kupiga kelele, hamna upepo, ngoma inasikika kavu, karibu, unasikia mpaka kiganja kinavyotua na kidole cha mwisho kinavyofuatia. Kuna studio za mjini zimebandikwa sponji ukuta mzima hazitoi sauti ile. Walikuwa wakinamama watano, mkubwa wao nadhani ana miaka zaidi ya sabini na ndo alikuwa anaongoza. Walipiga kama dakika ishirini, wakapumzika wakanywa chai, wakapiga tena.

Kazi ikaja kwenye kompyuta. Programu zile zinahesabu nne nne, sawasawa kama saa ya ukutani, na wale wakinamama hawapigi kwa saa, wimbo ukipata moto mkono nao unaongezeka, ukitulia unatulia. Ukiweka biti ya kompyuta juu ya muheme baada ya sekunde kumi vinaachana kila mmoja na njia yake. Dogo akajaribu kuivuta ile ngoma ilingane na kompyuta, akaivuta siku tatu, ikawa inalia kama debe, roho yote imetoka. Nakumbuka usiku ule wa tatu amekaa kwenye spika yangu moja amelala chali anaangalia bati, haongei. Alafu akainuka akafuta yote. Akaanza upya kinyumenyume, akaiacha ngoma ya wakinamama kama ilivyo na akawa anapanga besi na kiki, lile pigo zito la chini, kwa mkono, pigo moja baada ya jingine, kila mama alipotua na yeye anatua, dakika tatu na sekunde zake, usiku nne. Ndo maana ile ngoma ikifika katikati inaongezeka kasi kidogo sana, sikio halijui ila miguu inajua. Sasa mtu aniambie hiyo ni kompyuta imefanya.

Sauti ya kuchana tulirekodi usiku tu baada ya mashine ya kusaga ya jirani kuzimwa, magodoro mawili ukutani, blanketi mlangoni, umeme ulikatika mara mbili na mara moja jogoo akaingilia mstari mzuri kuliko yote ikabidi arudie. Na mistari yenyewe mnayosema haina ujumbe inaongelea kamati ya harusi, mtu anapigiwa simu ya mchango na namba asizozijua, anaulizwa kadi ya singo au dabo wakati kodi ya nyumba hajalipa, na bado siku ikifika anavaa sare anaenda kucheza. Hiyo ndo maisha yetu. Nimeona watu wazima wanacheka mpaka wanashika meza, alafu wanatazamana, manake kila mmoja ana kamati tatu kwenye simu yake. Kiitikio ni salamu tu ya Kigogo, dogo anasema mbukwenyi na ukumbi unajibu.

Mara ya kwanza niliiweka kwenye sendofu moja Kisasa, sikumwambia mtu. Upande wa bwana harusi wamekaa kimya wamechoka na safari, upande wa bibi harusi wanasubiri keki. Ikaanza ile muheme peke yake, na kuna bibi mmoja alikuwa meza ya nyuma ana sahani ya pilau mkononi, akaiweka chini taratibu, akasimama, mabega yakaanza kabla besi haijaingia. Wajukuu wakamfuata. Besi ilivyoingia vijana wakajaa, na ile mbukwenyi ya kwanza ikajibiwa na meza za nyuma tu, ya pili ukumbi mzima, mpaka wageni ambao hata hawajui ni neno la wapi. Nikairudia mara tatu usiku ule kwa kuombwa. Asubuhi yake nikapigiwa simu na maemsii wawili wanaitaka.

Baada ya hapo sikuwa na kazi ya kuisambaza, ilijisambaza. Bodaboda waliipeleka kwa flashi, vile vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye memori wakaiweka ya kwanza kwenye foleni, daladala za kwenda UDOM zikawa zinaipiga asubuhi na wanachuo wakaanza kujirekodi wakiicheza. Redio ndo walikuja mwisho. Mtangazaji mmoja, kituo sikitaji, aliwaambia madogo watoe hela ya kusukuma ngoma, na mwingine akawaambia watoe ule Ugogo ili ipigike Dar. Walikataa vyote viwili, yule wa bodaboda hela hiyo hana, na huo Ugogo ukiutoa hamna kinachobaki. Ikaja kupigwa hatimae kwa sababu wasikilizaji walikuwa wanaiomba kwenye vipindi vya salamu.

Kuna lawama moja naiheshimu na sio ya kwenu. Wazee wawili watatu walilalamika kwamba muheme ina mahali pake, ni ngoma inayoenda na mambo ya kuwafunda mabinti, haifai kuchanganywa na nyimbo za ulevi. Madogo hawakujibu mtandaoni, walirudi Chamwino wakamuuliza yule mama mkubwa. Akaomba aichezewe yote, akasikiliza mpaka mwisho, akasema hana shida ila kuna sehemu moja maneno hayakumpendeza. Wakaufuta ule mstari wakaurudia, ndo maana kuna watu wana toleo la zamani kwenye simu na wanashangaa mbona la redioni ni tofauti.

Sasa hilo la hip hop ni ujumbe tu. Hip hop ya ujumbe naipenda na hapa Dodoma tumeiona kwa macho ikifika mbali, Sugu alikaa Bungeni humu mjini kuanzia 2010 mpaka 2020, Profesa Jay nae kuanzia 2015 mpaka 2020, tena wote walianza na maiki. Lakini hiyo hip hop yenyewe imezaliwa kwenye sherehe. Tarehe 11 Agosti 1973, Bronx, New York, dada mmoja anaitwa Cindy alitaka hela ya kununua nguo za shule, akafanya sherehe kwenye ukumbi wa chini wa jengo wanaloishi, wasichana senti 25 wavulana senti 50, na kaka yake ndo akaleta muziki. Huyo kaka ni Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, na kule Jamaika mtu wa spika ni mtu mkubwa mtaani. Alichokiona Herc ndo kilekile kilichotokea Kisasa, kwamba watu wanasubiri kile kipande cha wimbo ambacho vyombo vingine vinanyamaza inabaki ngoma, hapo ndo wanalipuka, kwahiyo akachukua sahani mbili za santuri zenye wimbo uleule akawa anakirudia kipande hicho tu, kikiisha huku anaanza kule. Mtu wa spika, ngoma tupu na watu wanaocheza. Wachanaji walianza kwa kuwachangamsha hao watu. Mimi nikisoma mtu anasema wimbo wa sherehe sio hip hop naumia, kama ningeambiwa muheme sio muziki.

Na kuna hadithi nyingine ya hukohuko Marekani ambayo ndo hasa inanikosesha usingizi. Wimbo wa kwanza wa rap kupata umaarufu dunia nzima ni wa Sugarhill Gang, 1979, na ni wimbo wa sherehe. Besi yake ilitoka kwenye wimbo wa bendi ya Chic, na Chic wenyewe ikabidi wadai ndo wakaandikwa kama watunzi. Mmoja wa wale wachanaji alichukua mistari ya Grandmaster Caz, mpaka jina la Caz la zamani likabaki humo ndani linatajwa herufi kwa herufi, na Caz hakuandikwa popote. Watu wamecheza wimbo ule zaidi ya miaka arobaini na mwenye mistari yake yuko nje ya mlango.

Ndo maana niliwakalisha madogo kwenye stoo ile kabla hawajaachia chochote. Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hiyo hakishiriki inamhusu hata anayepiga au kuimba, sio mtunzi peke yake. Wakaandika karatasi, mgao wa wakinamama watano umetajwa kwa kiasi, ikasomwa kwa Kiswahili na kwa Kigogo, wakaweka sahihi na wengine dole gumba. Mgao wa kwanza hela haikuwa nyingi, ila yule mama mkubwa ameezeka upande mmoja wa nyumba kwa bati. Tembe lile tuliomba libaki kama lilivyo, nae alikuwa ameshaamua hivyo.

Kwahiyo Mhariri, kuhusu kelele sina ombi, mwandishi wenu ana masikio yake na akija Dodoma nitamkaribisha kwenye sherehe yoyote nitakayokuwa napiga, akae karibu na spika ya kushoto. Ombi langu ni moja, mrekebishe ile sentensi ya vijana wawili na kompyuta. Majina ya wakinamama wote watano nimeyaandika kwenye karatasi ya pembeni niliyoambatanisha na barua hii, wameridhia yatoke, na mkubwa wao ameomba lake lianze na jina la ukoo.

Wenu,
Mkodisha muziki, Nkuhungu, Dodoma