Mashine ya pedi au kompyuta? Nina kaseti za dansi na taarabu, na hela ya kitu kimoja

Ndugu Mshauri,

Salaam kutoka Tanga. Ni prodyuza mdogo, natengeneza biti za wasanii wa mtaani, na mpaka sasa sampo zangu (vipande ninavyovichukua kwenye nyimbo zilizokwisha rekodiwa) nazikata kwenye simu kwa programu ya Koala. Siidharau hata kidogo, ila kazi niliyo nayo sasa imeizidi. Mjomba amenikabidhi kaseti zake, nyingi zikiwa zimerekodiwa kutoka redioni: dansi la Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, taarabu ya Black Star na Lucky Star. Tanga tupu! Nimeweka kando kama shilingi milioni 2 ninunue chombo cha maana cha kuzifanyia kazi.

Kuingiza sauti si tatizo. Deki ya mjomba ni nzima, na intafesi ndogo, kile kifaa cha kupitishia sauti kwenda kwenye kompyuta, ninayo. Tatizo ni kwamba wale wazee hawakupiga kwa kufuata mlio wa kompyuta. Bendi ilipiga yote kwa pamoja, na wimbo ukiingia kwenye chemko mwendo unapanda. Nikikata kipande kirefu cha gitaa la rizimu nikakirudiarudia juu ya ngoma zangu, baada ya muda gitaa limeshatangulia. Kaseti nazo hazizunguki kwa kasi ileile. Wimbo unaangukia katikati ya noti mbili, kinanda kinagoma kuingia mpaka nivute sampo juu au chini kidogo.

Rafiki yangu mmoja anasema dawa ni Ableton Live, programu ya muziki ya kompyuta: unabandika alama kwenye kila pigo, programu inanyoosha sauti ifuate tempo yako. Nimeisikia kwake. Ngoma zinakaa sawa, lakini gitaa la solo likinyooshwa sana linakuwa na mtetemo wa majimaji ambao siupendi.

Mwingine ananishawishi nichukue MPC One, mashine ya Akai inayokata sampo na kuzipiga kwa kugonga pedi, bila kompyuta. Ukoo wake ni ule wa MPC60 ambayo Roger Linn aliibunia Akai, ikatoka 1988, na bado ina pedi zilezile 16. Hoja yake imeniingia: kata kila mkwaruzo wa gitaa peke yake, upige kwa vidole, hutahitaji kunyoosha chochote. Ila haina betri, na umeme wa kwetu unaujua. MPC Live II ina betri, lakini bei yake imenipita. Mashine nyingine ya pedi, Roland SP-404MKII, inakubali betri 6 za kawaida za AA na bei yake ni nafuu, tatizo kioo chake ni kidogo na mimi nakata vipande vingi.

Upande wa programu nao si bure kama watu wanavyodhani. Laptopu yangu ina ramu ya GB 4. Bafa (akiba ya sauti ambayo kompyuta inaikusanya kabla ya kuitoa) nikiiweka 128 sauti inakwaruza. Nikiipandisha 512, kwa vipimo vya sauti 44,100 kwa sekunde, hizo ni karibu milisekunde 12 za kuchelewa hata kabla ya mambo mengine, na mkono unazihisi. FL Studio, programu nyingine ya kutengenezea muziki, naipenda kwa sababu ukinunua mara moja masasisho ni bure maisha yote, lakini toleo la Fruity halirekodi sauti, kwa hiyo lazima toleo la Producer. Ongeza ramu, SSD (diski ya kasi) na kibao cha pedi, milioni 2 hiyo imeisha. (Programu zilizovunjwa kufuli sizitaki, na suala la hakimiliki ya hizo nyimbo nitakuandikia barua yake.)

Moyo wangu uko kwenye MPC One. Kinachonirudisha nyuma ni waimbaji: wanakuja kurekodi sauti mara nyingi nyingi, kiitikio juu ya kiitikio, na sijui kama kuhariri yote hayo kwenye kioo cha inchi 7 kutanifaa au kutanichosha.

Je, kwa kazi ya namna hii ninunue mashine, sauti za waimbaji nizirekodi kwenye laptopu hiihii dhaifu? Au niiimarishe laptopu kwanza? Na ukisema laptopu, nianze na ramu au leseni?

Msomaji wako,
Tanga